Chama cha Diski: Jinsi ya Kuandaa Diski kwa Amri Kabla ya Kuziunganisha

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Waama, mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi diski mbili ndogo na kuukuu, ambazo wengi wetu tungezipita jalalani bila kugeuza shingo, zinavyoweza kuunganishwa zikawa ghala moja la kuhifadhia kazi. Usitishike ewe mwenzangu unayesoma Historia na Dini! Sitakurushia istilahi kama mawe. Tutakwenda aste aste. Na hata ukisahau mengine yote, shika hili moja: amri ya kuandaa diski huchukua sekunde moja tu, lakini maandalizi hasa ni kule kuhakikisha, kabla ya kubonyeza kitufe, kwamba diski unayoigusa ndiyo uliyoikusudia.

Labda utauliza, haya yanatuhusu nini sisi wana-Kiswahili? Kama mjuavyo, kila likizo wanachama wetu huenda nyumbani wakarekodi ngano, vitendawili na nyimbo za kazi kutoka kwa wazee. Rekodi zote zimo katika tarakilishi moja ya maabara. Diski yake ni ya gigabaiti 250 na imejaa pomoni. Saa moja tu ya sauti isiyobanwa, yenye ubora wa sidii, hula megabaiti 635 hivi. Flashi ya mwalimu mlezi ni ya gigabaiti 8, kwa hivyo ilitubidi tuchague sauti chache za kunakiliwa humo na kuziacha nyingi. Miongoni mwa wazee hao wapo waliokwisha kutuaga dunia. Ngano ya nyanya aliyefariki hairekodiwi mara ya pili. Sasa hebu fikiri: ukikosea herufi moja na kuifuta diski hiyo, utakuwa umefuta nini?

CHAMA NI NINI?

Kila mmoja wetu anakijua chama cha kina mama. Mama hujiandikisha kwanza katika daftari. Kisha huleta mchango wake, mchango unahesabiwa kwa hisa, na hisa za wote huwekwa katika kikapu kimoja. Anayehitaji mkopo hupewa kutoka kikapuni, wala haulizwi noti hii ilitoka kwa nani.

Mfumo wa Linux una mpango wa namna hiyo hiyo kwa diski. Heinz Mauelshagen aliuandikia Linux mpango huo mwaka wa 1998, akifuata mfano wa ule uliokuwa katika mfumo wa HP-UX. Kila diski inayojiandikisha huitwa pv, chama chenyewe huitwa vg, na mkopo unaotolewa kikapuni huitwa lv. Hisa moja, usipoagiza vingine, ni mebibaiti 4. Diski ya gigabaiti 80 huleta takriban hisa 19,000, na ya gigabaiti 160 huleta takriban 38,000. Diski isiyojiandikisha haina hisa hata moja. Kujiandikisha huko ndiko kunakoitwa kuandaa, na ndiko nitakakokaa sana.

HATUA YA KWANZA: ZIJUE KWA NAMBARI, SI KWA JINA

Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kisha andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE,MOUNTPOINT

Utaonyeshwa kila diski iliyomo. Majina yake ni mafupi: sda, sdb, sdc na kuendelea. Usishangae kuona ile diski ya 250 imeandikwa 232.9G, na ya 80 imeandikwa 74.5G. Hujaibiwa! Mwenye kiwanda huhesabu kwa elfu, tarakilishi huhesabu kwa 1,024. Ni kama kupima shamba moja kwa ekari na kwa hekta.

Lakini hapa pana mtego. Yale majina si ya kudumu. Tarakilishi huyagawa upya kila inapowashwa. Kabla hatujaongeza chochote, diski yetu yenye rekodi za wazee ilikuwa sda. Tulipochomeka zile mbili kuukuu na kuwasha mashine, lo! Ile ya rekodi ikawa sdc, na diski ngeni ikakaa kwenye kiti cha sda. Mtu aliyeandika kwenye karatasi jana kwamba "sdc ni tupu" angeingia leo kwa moyo mweupe na kuifuta hazina yote.

Dawa yake ni nambari ya usajili ya diski, ile ya safu ya SERIAL. Nambari hiyo imechapwa pia kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Inakili daftarini, ulinganishe na iliyo kwenye kioo, tarakimu kwa tarakimu. Jina hubadilika kama kofia, nambari haibadiliki. Katika mifano ifuatayo nitasema sda na sdb kwa zile kuukuu, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa siku ile. Kwako huenda ikawa vinginevyo, kwa hivyo usinakili herufi zangu kibubusa!

HATUA YA PILI: PIGA HODI, CHUNGULIA

Diski kuukuu si lazima iwe tupu. Kabla ya kuifuta ifungue kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika chochote:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

ls /mnt

Neno ro ndilo linalokulinda: utatazama kama mgeni aliye mlangoni, bila kugusa vyombo. Diski zetu tulipewa na msamaria mwema aliyekuwa ameondoa tarakilishi za zamani nyumbani kwake. Katika ile ya pili tulikuta picha za harusi, miaka na miaka nyuma. Mwalimu mlezi alimpigia simu mwenyewe, na kumbe alikuwa amezitafuta akakata tamaa! Tukamnakilia zote ndipo tukaendelea. Je, tungekimbilia kufuta? Maji yakimwagika hayazoleki.

Ukimaliza kuchungulia, funga mlango:

sudo umount /mnt

Halafu uliza kuhusu afya yake. Diski ni kama mbuzi wa mnadani, usimnunue kabla ya kumtazama meno:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Usiridhike na lile neno PASSED peke yake. Tafuta mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, kisha tazama tarakimu ya mwisho wa kila mstari. Sifuri ni njema. Ikiwa idadi si sifuri, na tena inaongezeka kila unapopima, diski hiyo inaumwa. Usiiandikishe chamani, maana mgonjwa huyo atazikwa na mali za wengine.

HATUA YA TATU: WEKA MAWE YA MPAKA

Inawezekana kuiandikisha diski nzima jinsi ilivyo. Hata hivyo, ni vyema kwanza kuikatia patisheni moja inayoienea yote. Kwa nini? Kwa sababu mtu mwingine akiichomeka diski hiyo katika mashine isiyoujua mpango huu, ataona mawe ya mpaka na kujua kwamba shamba lina mwenyewe. Pasipo mawe, ataambiwa ni tupu, naye atalima.

sudo parted /dev/sdb mklabel gpt

sudo parted /dev/sdb mkpart hazina 1MiB 100%

sudo parted /dev/sdb set 1 lvm on

Amri ya kwanza ndiyo yenye kisu. Huiondoa orodha ya patisheni za zamani, na kwa hivyo itakuuliza kama kweli unataka kuendelea. Swali hilo si adabu tu. Lisome, ulinganishe ile nambari ya usajili tena, ndipo ujibu. Amri ya pili hukata patisheni, na ya tatu huipaka alama kwamba ni mali ya chama. Fanya vivyo hivyo kwa sda.

HATUA YA NNE: KUJIANDIKISHA

Sasa tumefika kwenye kiini. Fanya mazoezi kwanza:

sudo pvcreate --test /dev/sda1 /dev/sdb1

Kwa --test, tarakilishi hupitia hatua zote lakini haiandiki kitu, kama kwaya inavyofanya mazoezi kabla ya tamasha. Ukiridhika, ondoa neno hilo:

sudo pvcreate /dev/sda1 /dev/sdb1

Kinachofanyika ni kidogo mno. Mwanzoni mwa patisheni huandikwa kitambulisho chenye neno LABELONE pamoja na nambari ndefu ya herufi na tarakimu 32 ambayo ni ya diski hiyo peke yake. Basi! Tangu hapo, hata herufi za majina zikibadilishana viti mara mia, chama kitamtambua mwanachama wake kwa ile nambari.

Amri hii ina walinzi watatu. Ukiipa diski nzima iliyogawanywa patisheni, itakataa. Ukiipa patisheni iliyo wazi na inayotumika, itakataa pia. Na ikikuta alama ya matumizi ya zamani, tuseme ext4, itakuuliza kama iifute. Patisheni uliyoikagua mwenyewe ikiulizwa hivyo si ajabu, mabaki ya zamani huweza kubaki mle. Lakini ukiulizwa pasipo kutarajia, jibu n, uondoe mikono kwenye kibodi na urudi hatua ya kwanza.

Wako watu wanaopenda kuongeza -ff na -y ili wasisumbuliwe na maswali. Jameni, huko ni kumfunga mbwa kamba kisha kulalamika kwamba mwizi ameingia! Maswali hayo ndiyo ulinzi wako.

Hakikisha kwa kuandika:

sudo pvs

Ukiona majina yote mawili, diski zimeandaliwa.

HATUA YA TANO: KIKAPU NA MKOPO

Sehemu hii ni nyepesi. Unda chama, tukiite hazina:

sudo vgcreate hazina /dev/sda1 /dev/sdb1

Kikapu sasa kina takriban gibibaiti 223. Mtu atasema basi tuzichukue zote kwa mpigo mmoja! Hapana, ndugu yangu. Umoja ni nguvu, lakini katika chama cha diski umoja waweza kuwa udhaifu. Mkopo uliotandazwa juu ya diski mbili hutegemea zote mbili. Moja ikifa, mkopo umeharibika hata kama mwenzake ni mzima. Kwa diski kuukuu hilo si jambo la kubahatisha.

Sisi tuliamua rekodi za wazee ziandikwe mara mbili, nakala moja katika kila diski:

sudo lvcreate --type raid1 -m 1 -L 60G -n simulizi hazina

sudo mkfs.ext4 /dev/hazina/simulizi

Gibibaiti 60 ni hisa 15,360, na kwa kuwa ni nakala mbili, hisa hizo hutozwa pande zote mbili. Tumepata nafasi ndogo kuliko tulivyoweza kupata, kiasi cha saa 100 hivi za ile sauti isiyobanwa. Lakini diski moja ikizimika ghafla, nyanya bado atasimulia. Wako waliolalamika kwamba tumepoteza nafasi. Nawaambia hatukupoteza, tumelipa bima. Hisa zilizobaki ni za insha, picha na gazeti hili. Na nakala mbili ndani ya mashine moja hazizuii wizi wala moto, kwa hivyo ile flashi ya mwalimu bado ina kazi yake.

Uzuri mwingine ni kwamba mwanachama huweza kuondoka kwa heshima. Diski ikianza kuumwa, andikisha nyingine kwa pvcreate na uiingize kwa vgextend. Kisha hamisha hisa za mgonjwa kwa pvmove na umtoe kwa vgreduce. Rekodi hazijui hata kama kumehamwa.

TAMATI

Nimalizie kwa desturi ambayo ningeomba maabara yetu iifuate daima. Kazi hii isifanywe na mtu mmoja, tena isifanywe jioni saa ambapo sisi wa kutwa tunakimbilia matatu. Mmoja akae kwenye kibodi. Mwenzake asimame na daftari, amsomee nambari ya usajili kwa sauti, naye anayeandika aitikie tarakimu kwa tarakimu. Wakitofautiana hata kwa tarakimu moja, hakuna kubonyeza. Sisi tulifanya hivyo, na kazi nzima ilituchukua Jumamosi moja asubuhi. Sehemu kubwa ya asubuhi hiyo ilikuwa kusoma na kulinganisha, na amri zenyewe hazikufika dakika tano.

Likizo ijayo nendeni mkarekodi. Nafasi ipo.