Mahindi yalisafiri, mapishi yakaachwa nyuma

Ni nyumba chache mjini zinazoweza kumaliza juma zima bila kupika ugali. Tumeuzoea hata tukadhani mahindi ni chakula cha mababu zetu tangu jadi. Ukweli ni kwamba mahindi ni mgeni katika bara hili, na alipokuja aliacha kwao jambo moja muhimu: namna ya kumpika. Upungufu huo umewaua watu wengi katika nchi nyingine, na ni vyema kila anayesonga ugali aufahamu.

Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wenyeji wa sehemu hizo waligundua upishi unaotumika hadi leo. Huchemsha punje kavu katika maji yaliyotiwa chokaa au jivu, huziacha zilale humo usiku kucha, kisha huziosha hadi maganda yatoke. Baadaye husagwa zikawa donge laini la kutengenezea chapati nyembamba ziitwazo tortilla.

Wenyeji hao hawakujua lolote kuhusu vitamini, lakini upishi wao uliwalinda. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, yaani B3. Hata hivyo, sehemu kubwa ya niasini hiyo imefungwa ndani ya punje na tumbo haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Mwili pia unaweza kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya protini, lakini mahindi yana triptofani kidogo sana. Kwa hivyo, anayeishi kwa mahindi matupu, bila chokaa na bila kitoweo cha maana, hukosa niasini kwa njia zote mbili.

Ugonjwa wa maskini

Baada ya Columbus kufika Amerika mwaka 1492, mbegu za mahindi zilipelekwa Ulaya, na mabaharia Wareno wakazileta Afrika. Mbegu ilisafiri, lakini upishi wa chokaa haukusafiri nayo.

Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania alieleza ugonjwa uliowashika wakulima maskini wa Asturias, ambao chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Mwaka 1771 Mwitalia Francesco Frapolli aliuita pelagra, maana yake ngozi iliyokwaruka.

Ugonjwa huu huanza kwenye ngozi iliyo wazi juani: shingoni, usoni, mikononi na miguuni. Ngozi hugeuka nyeusi, hukauka na kupasuka. Kisha huja kuhara, na baadaye akili huvurugika, mgonjwa akasahau mambo au akawa kama mwendawazimu. Asipotibiwa, hufa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ililipuka kusini mwa Marekani, na katika miongo michache watu wapatao 100,000 wakafariki. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dkt. Joseph Goldberger kuuchunguza. Aliona jambo la ajabu: katika nyumba za mayatima na hospitali za wagonjwa wa akili, waliolazwa waliugua lakini wahudumu waliokaa nao hawakuugua. Tofauti yao ilikuwa kwenye sahani. Goldberger hata alijidunga damu ya mgonjwa ili kuonyesha kwamba ugonjwa hauambukizi. Alifariki mwaka 1929, na ni mwaka 1937 tu ambapo Conrad Elvehjem alitambua kwamba kilichokosekana kilikuwa niasini.

Sisi je?

Nchini Kenya, nafaka za jadi zilikuwa wimbi, mtama na mawele. Mahindi yalienea bara hasa katika karne ya 20, walowezi walipoyalima na wafanyakazi wao wakapewa unga kama posho. Mbegu chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 ilizidisha mavuno. Kilichotukinga zaidi ni tunachokula pamoja na mahindi: maharagwe katika githeri na muthokoi, kunde, ndengu, maziwa, samaki.

Kinga hiyo ikiondoka, ugonjwa hurudi. Mwaka 1990 nchini Malawi, zaidi ya wakimbizi 17,000 kutoka Msumbiji waliugua pelagra. Walikuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi, na njugu walizokuwa wakipewa zilikuwa zimekosekana.

Kwa sababu hiyo, mtu anapokuja kliniki na ngozi iliyokauka na kuwa nyeusi shingoni na mikononi, simuulizi kwanza anajipaka mafuta gani. Namuuliza amekuwa akila nini. Walio hatarini zaidi ni wanaokunywa pombe kupindukia huku wakila kidogo, wazee wanaoishi peke yao, na wanaoshindia ugali kwa chumvi au mchuzi mtupu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi pia inaweza kuleta upungufu huu. Anayeitumia asiiache, bali amwone daktari akiona dalili.

La kufanya

Si lazima tuanze kupika kwa chokaa, na tafadhali usitie chokaa ya wajenzi katika chakula. Fanya haya:

Kwanza, usile ugali peke yake. Kikombe cha maharagwe au ndengu, omena, yai au njugu kitafanya kazi iliyofanywa na chokaa kule Meksiko. Sukuma wiki ni nzuri, lakini peke yake haitoshi.

Pili, soma pakiti. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini, niasini ikiwamo. Unga mweupe uliokobolewa umepoteza virutubishi vingi, hivyo nyongeza hiyo ni muhimu.

Tatu, unga wa kinu cha mtaani ambao haukukobolewa una faida zake, lakini niasini yake bado imefungwa na kwa kawaida haukuongezwa kitu. Anayeutumia azidishe kitoweo.

Pelagra hutibika upesi ikitambuliwa mapema, na vidonge vyake si ghali. Lakini sufuria ya maharagwe jikoni ni kinga bora kuliko vidonge hivyo.