Mlinzi Anapogeuka Sumu

Ubongo wako ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni unayovuta. Ulafi huo una gharama. Oksijeni inapounguza sukari ndani ya seli huruka cheche, nazo huharibu kuta za seli na vinasaba. Kutu ya chuma nayo ni kazi ya oksijeni. Ila msumari ukiliwa na kutu unanunua mwingine. Seli nyingi za ubongo zikifa hazina badala.

Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kazi ya protini inayozima cheche hizo. Yaitwa supaoksaidi dismutasi, jina la kuvunja meno, kwa hiyo mimi naiita mlinzi. Huigeuza oksijeni kali kuwa haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kuoshea vidonda. Hiyo nayo ni kali bado, basi protini nyingine huipokea na kuifanya maji.

Mwaka 1993 ikagundulika kwamba baadhi ya familia zenye ugonjwa wa ALS, ule uliompoozesha Stephen Hawking, hurithi kasoro katika mlinzi huyu. Mgonjwa hushindwa kutembea, kisha kumeza, mwisho kupumua, mara nyingi akili ikiwa timamu. Wengi wakasema: mlinzi kalala, moto umeingia.

Lakini panya walioondolewa protini hiyo kabisa hawakupata ugonjwa huo. Waliopandikizwa yenye kasoro waliupata, ingawa ile yao nzima walibaki nayo. Kumbe mlinzi hakulala! Alikunjika vibaya, akarundikana ndani ya seli za neva zinazoamrisha misuli, akawa sumu mwenyewe.

Ndiyo maana huwa nawatazama kwa jicho la pembeni wauza vidonge vya "kusafisha ubongo". Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ALS, haikuonyesha faida ya wazi. Dawa iliyoruhusiwa Marekani Aprili 2023, tofersen, haimwongezei mgonjwa walinzi, humpunguzia. Hudungwa kwenye uti wa mgongo na kuzuia seli zisiitengeneze protini hiyo kwa wingi. Ni ya wenye kasoro hiyo peke yao, wapatao 2 katika kila wagonjwa 100 wa ALS.