Kasiksi haingojei barieri

Wajerumani, wale waliotawala Burundi ng'ambo ya Ruzizi mpaka 1916, wanajua kutunza bia. Kwao Bavaria, amri ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia wakati wa joto, toka tarehe 23 mwezi wa ine mpaka 29 mwezi wa tisa. Basi wakachimba vyumba chini ya udongo, bia ikalala mule kwa baridi miezi mingi bila kuharibika. Mpaka leo wageni wanaenda kuionja.

Sisi pia huku Uvira tuko na shimo letu, lakini letu linataka joto. Mama wa kasiksi anachimba, anawasha moto ndani, kisha anatandika majani ya mgomba, anapanga ndizi mbichi na kufunika na udongo. Kisha siku tatu ao ine zimeiva. Anazimenya, anazikamua pamoja na majani, anaongeza maji na unga wa mtama uliokaangwa. Ukionja mapema ni tamu kama asali. Siku ya pili inauma ulimi kidogo, na hiyo ndiyo siku yake. Ikikawia zaidi inakuwa kali, mwisho ni siki.

Shida iko hapo. Primus inangoja mnunuzi ndani ya chupa. Kasiksi haingojei mtu. Mama anashuka na bidoni zake kutoka milima ya Bafuliru mpaka soko la Mulongwe. Akisimamishwa asubuhi yote kwenye barieri, pombe inaendelea kuchacha. Akifika, wanywaji wanaonja, wanakunja uso, bei inaanguka. Amelipa mara mbili: franka za barieri, na pombe yenyewe.

Sisi wa sendika ya migodi tunapiga kelele juu ya mchimbaji anayenyanganywa njiani, na ni haki. Lakini shimo la dhahabu likikosa kutoa, ni shimo la ndizi ndilo linalolipa masomo ya watoto. Hiyo pia ni kazi, na mwenye kazi anastahili kulindwa.

Tunaomba kodi moja, bei iandikwe wazi, na karatasi moja ya malipo ikubaliwe kwenye barieri zote siku ile. Na ninyi wamama, msitembee mmoja mmoja. Kumi wakisimama pamoja, mwenye kamba ataifungua mbio.