Depo ya kodi: namna kikundi cha vijana kinaweza kuchunga kazi yake isipotee

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake hapa Uvira. Makumi ya watu walikufa, na nyumba maelfu zilibomoka. Tangu siku ile, mvua kubwa ikianza kule juu milimani, wakaaji wa kando ya mto wanajiuliza swali moja: maji imefika wapi?

Swali hilo linaweza kujibiwa na kisanduku kidogo: kipimo cha urefu wa maji, betri, plaki ya jua na kadi ya SIM yenye kutuma ujumbe. Ndani yake muko ordinatere ndogo yenye kufanya kazi moja tu, kama ile iliyo ndani ya modemu. Kuunganisha vyuma na waya, fundi wa simu anaweza. Kazi nzito ni kuchunga maandishi ya programu, yale wenyewe wanaita kodi (si ile ya serikali!), zaidi sana kama watu wanne ao watano wanaiandika pamoja.

Ndiyo sababu kuko depo. Chombo kinachotumika zaidi ni Git, kilichotengenezwa na Linus Torvalds katika mwezi wa Aprili 2005 kwa ajili ya Linux. Kila mutu wa kikundi anabaki na kopi nzima pamoja na historia yake yote, kwa hiyo anaweza kufanya kazi hata bila intaneti. Kila badiliko linapewa namba ya herufi na tarakimu 40, inayotoka katika yaliyomo yenyewe. Ukigusa herufi moja, namba inabadilika.

Lakini kisanduku hakitoki katika depo moja. Kama kinatumia Linux ndogo iliyojengwa na Yocto Project ao Buildroot, vipande vyake vinakusanywa katika mahali pengi ulimwenguni. Kila kipande kiko na karatasi yake, kama ya mapishi: kitatoka wapi, na ni toleo gani. Hapo njo shida zinaanzia.

Ya kwanza ni kuandika «chukua ile mpya kabisa». Kisanduku kilichojengwa siku ya kwanza na kile cha siku ya tano havitafanana. Cha Mulongwe kitapiga alarme, cha Kalimabenge kitanyamaza, na hakuna atakayejua sababu. Dawa yake ni kuandika ile namba ya tarakimu 40. Katika Yocto inaandikwa kwenye SRCREV. AUTOREV isitumiwe kwa mashini inayopelekwa kwa wanainchi.

Ya pili, depo ya mbali si mali yako. Tarehe 15 Machi 2022, GitHub ilifunga njia ya zamani ya git://, na karatasi nyingi za zamani zikashindwa kuchukua vipande vyao. Miradi mingine ilibadilisha jina la tawi kubwa, kutoka master kuwa main, na matokeo yakawa yale yale. Hapa kwetu pia, tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi nzima karibu juma tatu.

Kwa hiyo kikundi kiwe na kopi zake. Yocto inaweka vyote ilivyochukua katika dosie moja, DL_DIR. Mutu mmoja anachukua mara moja, kisha dosie inawekwa kwenye mashini moja ya ofisi, wengine wanachota humo bila kumaliza mega zao. Halafu wajaribu: waandike BB_NO_NETWORK = "1" na kujenga upya. Ikipita, kazi haitegemei mtandao tena.

Ya tatu, depo za kikundi zikiwa nyingi, kuwe faili moja yenye kutaja kila depo na namba yake. Wenye kutengeneza Android wanafanya hivyo kwa chombo kinachoitwa repo. Kila toleo lipewe jina, na jina lile liandikwe juu ya kisanduku. Siku kinaharibika, fundi anajua afungue kodi gani.

Neno la siri lisiingie katika depo hata siku moja. Ukilifuta kesho, historia bado inalo. Ni lazima kulibadilisha.

Mwisho, ofisi inaweza kuingia maji ao ordinatere kuibwa. Amri ya git bundle inafunga depo nzima katika faili moja. Iwekwe kwenye flashi, ipelekwe Baraka ao Bukavu. Kisha mwengine, asiyeandika programu ile, achukue flashi na ile dosie ya vipande, ajenge kisanduku kile kile bila kumpigia mwenyewe simu. Akishindwa, afazali kikundi kijue leo, mbele mvua ianze kule juu.