Muvi moja, maoni mawili: Kwa nini mtaani wanauliza kwanza ‘nani kaitafsiri?’

Mwambie mtu wa Mbagala Rangi Tatu au Tandale kwamba jana umeangalia muvi kali. Usishangae asipokuuliza jina la mwigizaji wala mwaka ilipotoka. Swali linalokuja haraka ni moja: nani kaitafsiri?

Swali hilo linaweza kumchekesha mtu aliyezoea kuangalia filamu pale Mlimani City, bisi mkononi na kiyoyozi kinapuliza. Lakini kwa watazamaji wengi wa Kinondoni na Temeke, ndilo linaloamua kama muvi ni kali, ya kawaida au ya kupoteza muda. Filamu ileile ya Marekani, Korea au India inaweza kusifiwa Tandika na kupondwa Mwananyamala, na wote wakawa sahihi. Hawakuangalia kitu kimoja.

DJ anafanya nini hasa?

Kinachoitwa kutafsiri mtaani si yale maandishi yanayopita chini ya skrini. Wala si kama ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan iliyorushwa na Azam, ambako sauti za Kiswahili ziligawanywa kwa wahusika, kila mmoja na yake. DJ yuko peke yake na kipaza sauti. Anapunguza sauti ya filamu, anaweka yake juu, kisha anaongea kwa niaba ya wote: steringi, adui, demu wa steringi, hata mbwa wa mlinzi.

Na haishii kwenye mazungumzo. Anakukumbusha kuwa huyu mwenye kovu ndiye aliyemuua baba wa steringi mwanzoni. Anakwambia mtu anawaza nini kabla hajafungua mdomo. Anagawa majina. Magari yanayofukuzana Los Angeles anaweza kuyasimulia kana kwamba yametoka Jangwani yanapandisha Magomeni, na mhusika mwenye jina gumu akapewa jina la kitaa linalobaki naye mpaka mwisho. Pale mwongozaji alipoacha kimya makusudi ili mtazamaji ahisi upweke wa mhusika, DJ anakijaza kimya hicho kwa utani.

Hapo ndipo maoni yanapogawanyika. Filamu ya taratibu, ya huzuni, ikipita kwa DJ mchangamfu inatoka upande wa pili ikiwa komedi. Aliyeiangalia atakwambia ni muvi ya kuchekesha mbavu zikauma. Hajakosea, kwa sababu alichoangalia yeye kweli kilichekesha. Aliyeiangalia bila tafsiri atamwona mwenzake hajaelewa kitu, ubishi utaanza, na hakuna atakayeshinda.

Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, aliyeandika kuhusu kazi hii hapa Tanzania, aliipa makala yake kichwa kinachoifananisha na kugeuza wali kuwa pilau. Mfano unaeleweka. Mchele ni uleule, ila ukionja huwezi kusema umekula kitu kilekile. Na wapo pia wanaozidisha viungo.

Ilianzia wapi

Dar es Salaam ilikuwa mji wa sinema kabla ya kuwa mji wa flash. Kulikuwa na kumbi kama Empire, Avalon na Odeon katikati ya mji, na kuanzia mwaka 1966 kulikuwa na Drive-In, watu wanaangalia filamu wakiwa ndani ya magari, kwenye eneo ambalo leo upo Ubalozi wa Marekani. Filamu za Kihindi zilipendwa mno. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliangaliwa na watu ambao hawakujua neno la Kihindi, wakifuata hadithi kwa macho, kwa nyimbo na kwa maelezo ya jirani wa kiti cha pembeni.

Huyo jirani wa pembeni ndiye babu wa DJ.

Video ilipoingia miaka ya 1980, na kumbi kubwa zikaanza kufa moja baada ya nyingine, watazamaji walihamia kwenye mabanda ya mtaani. Benchi la mbao, joto, televisheni juu ya meza, mapazia meusi dirishani. Jina la vibanda umiza linajieleza lenyewe.

Ni kwenye dunia hiyo ya mabanda jina la Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, lilipokua. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kuufanya usimulizi wa video kuwa kazi, na kanda zenye sauti yake zilisambaa mbali na Dar. Kwa waliokuwa watoto miaka ya 2000, kuna filamu ambazo hawazikumbuki kwa majina, wanazikumbuka kwa sauti yake. Baada yake wamekuja wengi, akiwamo DJ Murphy anayetajwa sana na vijana wa sasa.

Majirani nao wana wa kwao. Kenya yupo DJ Afro. Uganda wanaitwa VJ, na huko mambo yalifika mbali zaidi: filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, inajulikana duniani kote ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia filamu hiyohiyo anayoisimulia. Japan nako, enzi za filamu zisizo na sauti, kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na watu walikata tiketi kwa sababu ya benshi kama walivyokata kwa sababu ya filamu. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Sauti ilipoingia kwenye filamu, kazi yao ikafa. Huku kwetu filamu zilikuja na sauti tayari, tatizo likawa ni sauti ya lugha gani.

Si kwamba hawajui Kiingereza

Jibu la haraka ni kwamba watu hawaelewi Kiingereza. Ni kweli kwa kiasi. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari inahamia Kiingereza, na hata aliyemaliza kidato cha nne anaweza kupotea pale Mmarekani anapoongea kwa haraka huku risasi zinalia.

Lakini jibu hilo halimwelezi mtu anayejua Kiingereza vizuri na bado anataka ya DJ. Wapo wengi tu.

Sababu moja ni mazingira. Muvi mtaani haiangaliwi kwa utulivu wa msikitini. Inaangaliwa saluni kinyozi akiwa na mashine mkononi, kwa fundi cherehani, kwenye kibanda cha chipsi, kwenye simu yenye skrini ndogo ndani ya daladala la Gongo la Mboto. Maandishi ya chini yanataka macho yako yote. DJ anataka masikio tu. Mama anayekaanga mihogo barazani anaweza kuifuata muvi nzima bila kuigeukia zaidi ya mara kumi, kama vile anasikiliza redio.

Ya pili ni ukaribu. Tafsiri rasmi zipo na zimewahi kufanya vizuri. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, ikapata watazamaji kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Kiswahili chake kilikuwa safi. Cha DJ si safi, na ndicho kinachopendwa, maana kinafanana na cha kijiweni.

Mhakiki ni jamaa wa maktaba

Bando ni ghali kwa kushusha filamu nzima nzima, kwa hiyo wengi huenda maktaba ya muvi: kibanda chenye kompyuta, spika nje na kijana anayejaza flash na kadi za simu. Kijana huyu ndiye mhakiki mwenye nguvu kuliko wote mtaani. Mteja anamwambia niwekee kali, basi. Anachochagua yeye ndicho mtaa mzima utakachojadili Jumapili.

Makosa yake hayasahauliki. Akikuwekea yenye chenga au iliyokatika kabla steringi hajalipa kisasi, wiki ijayo unahamia kwa jirani yake.

Wapi inauma

Anayeumia wa kwanza ni mtengeneza filamu wa hapa. Anayetafsiri hakodi kamera, halipi waigizaji, hatafuti nyumba ya kurekodia. Anahitaji nakala, kompyuta na mdomo. Bei ya kujaziwa muvi iliyogharimu mamilioni ya dola Marekani ni ileile, au chini ya, muvi iliyopigwa Kigamboni kwa kuungaunga.

Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga uuzaji holela wa filamu za nje. Watazamaji wengi hawakuwahurumia. Malalamiko yao yalikuwa yaleyale ya miaka: hadithi moja kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili bila sababu, gari kuonyeshwa likitembea mpaka wimbo uishe, sauti inayopanda na kushuka, kichwa cha Kiingereza kwa filamu ya Kiswahili. Lawama hizo zina ukweli, ingawa ni rahisi kuzitoa ukiwa umeshika muvi ya bure mkononi.

Na si kwamba mtaa hauwezi kuipenda filamu isiyo na DJ. Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, umati uliofurika Leaders Club na kumsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni ulikuwa wa watu waliomjua kwa muvi zake. Shida ya sasa ni njia. Vuta N’Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni ya Kiswahili na haihitaji mtu wa kuitafsiri Tandika. Lakini mwaka 2021 ilianza safari yake kwenye tamasha la Toronto. Ni mbali kidogo na Temeke.

Wa pili ni DJ mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri. DJ asiye na ruhusa hiyo hana pa kwenda kulalamika pale kazi yake inaponakiliwa usiku huohuo kutoka maktaba moja hadi nyingine. Ndiyo maana utamsikia akitaja jina lake, wakati mwingine na namba ya simu, katikati ya mapigano. Ni mhuri wake pekee.

Wa tatu ni mtoto. Filamu inaweza kuwa imepewa daraja la watoto, katuni kabisa, lakini daraja hilo linahusu maneno ya filamu. Utani wa DJ umeongezwa baadaye na hakuna aliyeukagua. Mzazi anayesikia katuni inaendelea sebuleni akadhani yuko salama, asogee asikilize dakika mbili tatu.

Kwa hiyo rafiki akikwambia muvi fulani ni kali, muulize aliangalia ipi. Maktaba nyingi zinazo zote mbili, iliyotafsiriwa na ile yenyewe. Ukiomba ile yenyewe, jamaa atakuuliza tena kama una uhakika, kisha ndiyo achomeke flash.