Kurudia Mchezo wa Bao la Kiswahili: Ufunguzi na Namna ya Kuunakili

Makala haya yanaeleza namna mchezo wa bao la Kiswahili unavyoweza kunakiliwa na kuchezwa upya kwa uchunguzi, kwa kuanzia na ufunguzi. Mchunguzi wa sataranji huyasoma maandishi ya pambano na kulirudia hatua kwa hatua. Bao hutegemea zaidi kumbukumbu za wachezaji. Mchezo usionakiliwa hupotea pamoja na walioushuhudia. Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995. Ili wachezaji wa Ufipa walinganishwe nao, sharti michezo yao nayo iandikwe.

Ubao una mashimo 32 katika safu 4, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 mkononi. Tuyahesabu mashimo ya mbele ya mwanzishaji kutoka kushoto kwake, 1 hadi 8. Nyumba yake ni 5. Kete nyingine zimo katika 6 na 7. Kwa kuwa wachezaji hutazamana, kete za mpinzani huelekea 2, 3 na 4. Hivyo mwanzishaji hana cha kula. Hulazimika kutakata, yaani kunamua kete moja na kusambaza bila kula. Kanuni humzuia kutakata kwa nyumba ilhali mashimo mengine ya mbele yana kete. Kwa hiyo funguzi ni 4 tu: 6 au 7, kushoto au kulia.

Funguzi hizi hazilingani. “6 kushoto” huacha kete moja moja katika 4 na 3, na mpinzani anaweza kula popote kati ya hapo. “7 kushoto” humwachia nafasi moja tu, ya 4, inayokabili nyumba yake. Funguzi za kulia hazimwachii chochote. Naye hulazimika kutakata.

Usambazaji hufuata kanuni. Kwa hiyo, katika hatua ya namua, yatosha kuandika shimo, upande, na uamuzi wa kulala au kuendelea kete ya mwisho iangukapo katika nyumba. Mtafiti wa Sumbawanga aanze kwa kuandika kanuni za wachezaji anaowachunguza, kisha hatua zao. Hapo mtahini yeyote mwenye ubao na kete 64 ataweza kuyahakiki madai yake.