JE, WAJUA? Mchaichai Hauhitaji Mbegu

Je, wajua kwamba mchaichai, ule unaonukia limau uani kwa watu wa Mikindani na Msimbati mkoani Mtwara, ni ndugu wa mahindi, mpunga, muwa na hata mwanzi? Wote ni jamii ya nyasi. Ila mahindi hupandwa kila msimu, na mchaichai ukishashika ardhi hukaa miaka kadhaa: unakata, unachipua, unakata tena.

Usihangaike dukani kutafuta mbegu. Mchaichai wa nyumbani hutoa maua kwa nadra sana, hivyo huenezwa kwa kugawa kichaka. Muombe jirani (sijaona anayenyimwa mchaichai), chomoa kipande chenye mizizi, punguza majani yabaki kama shubiri moja, kisha fukia mvua zinapoanza. Mtwara ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayechelewa hadi Machi atabeba ndoo kiangazi kizima. Mchanga wa pwani haushiki maji. Changanya samadi, na maji ya kuoshea mchele usiyamwage ovyo.

Harufu yake hutokana na sitrali, kemikali iliyomo pia kwenye ganda la limau. Wengi huamini kichaka kikiwepo tu uani mbu hukimbia. Si kweli. Mafuta yaliyokamuliwa ndiyo yenye nguvu, jani lililosimama halimsumbui mbu. Chandarua kibaki palepale.

Unapovuna tumia kisu, usivute kwa mkono: kingo za jani hukata vidole.